Usingizi wa Mzee Mwinshehe

Jumatatu, 11 Novemba 1996. Kigoma

Kuanzia leo mimi ni muuguzi wa boti. Daktari Benedict, mkuu wetu, aliniita akaniambia vijiji vya kaskazini havina barabara, na wakimbizi kutoka Zaire wanashuka huko kila siku kwa mitumbwi, wengine wanaharisha, wengine wajawazito, kwa hiyo lazima mtu awafuate. "Wewe Asnath ni mkunga, na huna mtoto mdogo," alisema, kama vile mambo hayo mawili yanamfundisha mtu kuogelea. Sijui kuogelea. Kwetu Mamba, milimani Upare, maji huja kwa mfereji na hayapiti magoti. Mama hajatulia tangu MV Bukoba izame mwezi wa tano. Sitamwambia.

Boti ni nyeupe, ina turubai juu, machela, sanduku la dawa na injini moja. Nahodha ni Mzee Mwinshehe wa Ujiji, mtu mzima, mkimya, kofia ya kufuma kichwani. Nilimwamkia. "Marahaba, Sista," akaitikia, kisha akavitazama viatu vyangu vya ngozi kwa huruma.

Jumatano, 13 Novemba. Mtanga

Nimetapika njia nzima. Mzee alipunguza mwendo, akanipa kipande cha tangawizi nitafune. Tunalala huku, maana wagonjwa ni wengi na jioni ziwa linachafuka. Mimi nimepewa chumba kwa mwalimu. Mzee kasema yeye atajua pa kulala.

Alhamisi, 14 Novemba. Mtanga

Nimetibu watu tangu asubuhi. Nahodha wangu kalala chini ya turubai mchana kutwa, mdomo wazi. Nilipohitaji mtu wa kunishikia mtoto wa kuchomwa sindano, nilimshika mwenyewe.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua. Hatukutoka.

Jumatano, 20 Novemba. Mwamgongo

Surua. Mitumbwi miwili imeshusha watu wa Ubwari, ng'ambo ya ziwa. Wanakijiji wamewapikia uji kabla sijafika, na mama mmoja wa Kiha kamvua mwanawe sweta akamvalisha mtoto wa wageni. Mzee Mwinshehe kalala tena. Safari hii alikuwa ameegemea debe la petroli.

Jumapili, 24 Novemba. Kigoma

Nimeamua. Nitamwambia Daktari Benedict atafute nahodha mwingine. Sina chuki naye, ila mtu anayesinzia mchana namna ile, siku moja atasinzia katikati ya ziwa, na mimi ni yule asiyejua kuogelea. Tukirudi kutoka Zashe nitasema.

Jumanne, 26 Novemba. Zashe

Nimeamka kabla ya wenyeji wangu, nikashuka ziwani kunawa uso. Mzee Mwinshehe alikuwa amekaa mchangani, shuka limemlowa mwilini, kamba ya boti imezungushwa kwenye kifundo cha mguu wake. Macho wazi, yanatazama maji. Kwa kweli nilidhani amekufa.

"Shikamoo!" nikasema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Marahaba, Sista. Umeamkaje?"

"Mzee, umelala hapa?"

"Sikulala."

"Na hiyo kamba mguuni?"

Aliitazama kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake. "Ikivutwa, nijue."

Mvua ilinyesha usiku kucha. Nilikuwa naisikia kwenye bati, nikajivuta zaidi ndani ya blanketi nikamshukuru Mungu kwa paa. Na huyu alikuwa hapa. Hata Mtanga alikuwa mchangani. Hata Mwamgongo. Ndiyo maana mchana anakuwa kama gunia.

Nilimletea chai ya mwalimu. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akatetemeka mpaka chai ikamwagika. Yale niliyopanga kumwambia Daktari nimeyameza.

Jumapili, 1 Desemba. Ujiji

Mzee kanialika kwake. Mkewe, Bi Mwanvua, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujaza nyumba. Alitupikia samaki, mgebuka, kwa mawese na ugali wa muhogo, akanitazama ninavyokula, akaniongezea bila kuniuliza.

Mzee alipoondoka kwenda kuswali adhuhuri, Bi Mwanvua akasogeza mkeka.

"Mwanangu, nikuulize. Huko mnakolala, mwenzako analala?"

Nilitaka kudanganya nikashindwa. "Halali, Bibi."

"Nilijua." Akaikunja khanga magotini, akaikunjua. Kisha akanisimulia.

Mvua za mwaka jana, Zashe hiyohiyo, mumewe alikuwa na muuguzi aliyenitangulia. Alitia nanga jioni, maji yametulia kabisa. Usiku, yeye amelala, upepo ukashuka kutoka milimani, ukaisukuma boti nje. Huku kwetu ufuko hauendi mbali, ukitoka kidogo tu chini panaporomoka kuelekea kilindini. Nanga ikaburutika ikateremka, mwisho ikawa inaning'inia majini bila kushika kitu. Alfajiri upepo ukageuka ukatoka ziwani, ukairudisha boti na kuipasua kwenye mawe. Asubuhi hiyo kulikuwa na mama kijana aliyetokwa na damu baada ya kujifungua. Walimbeba kwa machela kupanda njia ya milimani, watafute gari Kalinzi, penye barabara. Hakufika.

"Mume wangu alishika upande wa kichwani, hakukubali kupokewa. Wakubwa wake walimwambia si kosa lake, wakampa boti nyingine. Na yeye anakubali, ukimuuliza atakwambia ni upepo. Akiwa hapa nyumbani analala vizuri. Ila jua likimzamia huko, mwili unakataa." Akaikunja khanga tena. "Ni mtu mzima, Asnath. Mtu mzima hawezi kukaa hivi msimu mzima. Nitaletewa maiti."

Nimerudi Gungu nilikopanga. Nimemweka Bi Mwanvua katika sala zangu.

Jumatano, 4 Desemba. Kigoma

Asubuhi nilimfuata Mzee Mwinshehe ufukoni Kibirizi, anasubiri petroli, harufu ya dagaa imejaa kila mahali.

"Mzee, nifundishe kutia nanga."

"Wewe? Ya nini?"

"Siwezi kuogelea. Nijue walau boti inashikwa na nini."

Alicheka. Ni mara ya kwanza nimemsikia akicheka, na ana kicheko cha kitoto. Akanichukua ndani ya ghuba, tukafanya mpaka jua likawa kali.

Nayaandika nisiyasahau. Kwanza unatazama chini. Penye rangi ya njano ni mchanga, nanga itashika. Penye weusi ni mawe, itateleza au itanasa. Hairushwi kama jiwe, inashushwa taratibu mpaka uisikie imegusa, ndipo boti irudi nyuma huku unaachia kamba. Kamba iwe ndefu, mara tano au zaidi ya kina cha maji, maana ikiwa fupi inaiinua nanga, ikiwa ndefu inaivuta kwa ubavu na meno yanazama mchangani. Kisha unaifunga, unatia injini kinyumenyume, unaivuta kwa makusudi. Ikikubali kuburutika mchana ukiwa macho, ni bora kuliko usiku. Ikishika, unachagua vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, kimoja mbele ya kingine, mti na kona ya nyumba tuseme. Ukivitazama kutoka kwenye boti vikiendelea kupangana, hujasogea.

"Na ule upepo wa milimani?" niliuliza.

Uso wake ukajikunja. Nikaona nimegusa kidonda, lakini nilikuwa nimeshagusa.

"Kamba ya pili," akasema mwishowe. "Nanga inatiwa upande wa ziwa. Nyuma ya boti unatoa kamba mpaka nchi kavu, kwenye mti. Upepo wa milimani unakuta mti. Upepo wa ziwani unakuta nanga, na unaivutia kwenye mwinuko, haiwezi kutoka. Tangu siku ile ndivyo ninavyofanya."

"Na imewahi kusogea, ukifanya hivyo?"

"Haijawahi."

"Sasa kwa nini unakaa mchangani?"

Alianza kukunja kamba, kitanzi juu ya kitanzi, kwa utulivu mkubwa.

Jumanne, 10 Desemba. Mtanga

Tumetia nanga pamoja. Nilichagua alama mimi: mchikichi uliopinda na mlango wa darasa. Baada ya chakula nilimwambia tutagawana usiku, aanze yeye kulala, mimi nitakaa.

"Muuguzi akeshe halafu kesho achome watu sindano?"

"Nahodha akeshe halafu kesho aendeshe?"

Akajilaza chini ya kibanda cha wavuvi. Akanipa kamba, akitaka niifunge mguuni. Nilikataa, nikasema nitaimulika boti kwa tochi. Alisinzia kidogo, akashtuka. "Ipo?"

"Ipo, Mzee."

Akasinzia, akashtuka. "Ipo?" Ikawa hivyo mpaka zamu yangu ikaisha. Si usingizi huo, lakini ni kitu.

Alhamisi, 12 Desemba. Mwamgongo

"Ipo?" "Ipo."

Jumatano, 25 Desemba. Kigoma

Krismasi ya wenzetu. Bi Mwanvua, Mwislamu, kaniletea mimi Msabato vitumbua vya Krismasi. Tumecheka sana. Kaniuliza kwa jicho tu, nami nikamwambia: kidogo kidogo.

Jumanne, 14 Januari 1997. Kagunga

Mfungo wa Ramadhani umeanza. Mzee anafunga na kuendesha. Watu wanashuka hapa kila siku, wamelowa, wamebeba masufuria na watoto na kuku mmoja mmoja. Kuna babu mmoja kavuka na mlango wa nyumba yake; kasema dirisha halikuingia mtumbwini.

Jumatano, 15 Januari. Kagunga

Nimechoka mpaka nimemfokea Mzee mbele za watu kwa sababu ya ndoo. Kaiokota ndoo, kaijaza maji, kaniwekea mbele yangu. Nimeomba radhi. "Una njaa kuliko mimi niliyefunga," kasema.

Alhamisi, 23 Januari. Mtanga

Kalala zamu yake yote bila kuuliza. Nilikaa naisikiliza pumzi yake na mawimbi, nikaogopa hata kukohoa.

Jumatatu, 10 Februari

Idi imepita. Mzee ana koti jipya, na kikohozi.

Jumatano, 19 Februari. Kigoma

Naandika hospitalini, nasubiri.

Jana tulifika Kagunga mchana. Njiani Mzee Mwinshehe alikuwa amejikunyata, koti jipya limefungwa mpaka shingoni juani. Tulipogusa ufuko alishuka, akapiga hatua chache, akakaa. Nilimpima. Homa ilikuwa juu sana. Malaria. Nilimchoma sindano, nikamlaza katika chumba cha zahanati, kwenye mkeka, maana kitanda ni kimoja.

Jioni, mawingu yakiwa meusi juu ya Zaire yote, mtumbwi ukaingia na mwanamke akishikiliwa mabega. Genoveva, wa Ubwari, mimba ya kwanza, uchungu umeanza asubuhi. Nilimpapasa tumbo, kisha nikampapasa tena. Mtoto alikuwa amelala mshazari, kichwa ubavuni. Huyo hazaliwi kwa njia ya kawaida. Anahitaji kupasuliwa, na chumba cha upasuaji kiko Kigoma.

"Mama munganga," akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, yaani mama daktari, "nitafika?"

"Utafika. Chupa ya maji haijapasuka, uchungu bado unakuja kwa kuachana. Tukiondoka alfajiri utafika."

Kuondoka wakati ule tusingeweza. Ziwa lilikuwa tayari linatoa povu. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea jambo moja: boti iwepo alfajiri. Kutoka pale hakuna gari, na ile njia ya milimani nilikuwa nimeshasimuliwa.

Nilitoka nje. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta.

"Naenda kuifunga," akasema.

"Huwezi kusimama."

"Asnath." Hajawahi kuniita kwa jina langu. "Asnath, tafadhali."

"Mzee, nani alinifundisha?"

Akatazama chini.

"Basi rudi ukalale. Naenda mimi."

Wavuvi wawili walikuja kunisaidia, mmoja akaendesha. Nilisimama mbele ya boti, nimeshika nanga. Nilitazama chini nikitafuta njano, na kwa lile giza la mawingu njano haikuonekana. Nikashusha nanga. Nikaisikia inakwaruza, krr, krr. Mawe. "Iinue," nikasema. Tukasogea, nikashusha tena. Krr. Wavuvi wakatazamana. Mmoja akasema, "Dada, hapa panatosha, mvua hiyo inakuja." Nikasema hapatoshi. Mara ya tatu ilitua kimya, kama mtu anayekaa kwenye godoro.

Tukarudi nyuma, nikaachia kamba, nikaachia tena, mpaka nikaona aibu kwa urefu wake. Nikamwambia mvuvi atie injini kinyumenyume. "Zaidi," nikasema. "Zaidi!" Kamba ikakaza ikatoa maji kama nguo inayokamuliwa, na boti ikasimama palepale. Nikapeleka kamba ya nyuma kwenye mchikichi, nikaizungusha, nikaifunga. Pale inaposuguana na ukingo wa boti niliviringisha khanga yangu. Nikainua injini itoke majini. Alama zangu: shina la mwembe, na nyuma yake ncha ya paa la kanisa.

Nilipopanda kurudi zahanati mvua ilikuwa imeshanifikia.

Sasa hapa niandike ukweli. Nilikuwa na tochi, na dirisha la zahanati linaelekea ziwani. Ningeweza kwenda dirishani kila mara. Upepo ulishuka kutoka milimani kwanza, ukang'oa bati la jikoni kwa jirani. Kisha ukageuka, ukaja kutoka ziwani na mvua ya ubavu, na mawimbi yakawa yanapiga ufuko kama watu wanatupa magunia. Genoveva alikuwa amenishika kidole, akinitazama usoni. Nikiinuka kwenda dirishani, angejua kwamba sina hakika. Na kwenye mkeka kulikuwa na mwingine anayenitazama vilevile.

Nikageuza kiti changu, nikakipa dirisha mgongo.

"Ipo?" Mzee aliuliza, meno yanagongana.

Sikuwa nimeiona. Nilifikiri juu ya ule ukimya nanga ilipotua, na ile kamba ilivyokaza. "Ipo," nikasema.

Alinitazama kwa muda mrefu. Alijua sijainuka, alikuwa ananiona tangu mwanzo. Kisha akajifunika shuka mpaka kichwani, akageukia ukutani, na baada ya muda nikasikia anakoroma. Upepo ule wote, na anakoroma. Genoveva akacheka katikati ya uchungu. "Baba huyu," akasema, "iko anatuimbia."

Kulipoanza kupambazuka nilifungua mlango. Boti ipo. Nikaiendea, nikaipanda, nikatazama nchi kavu: paa la kanisa, na mwembe mbele yake, vimepangana. Ilikuwa imelala pale nilipoiacha, imejaa majani na maji ya mvua, nyeupe kabisa.

Mzee alikuwa na jasho, homa imeshuka, akasema ataendesha akiwa amekaa. Genoveva tulimlaza kwenye machela. Ikabaki kung'oa nanga. Nilivuta, haikuja. Mvuvi akavuta, haikuja. Wakaingia wanaume wanne wakavuta pamoja, wanaimba, boti ikainama mbele, na bado ilikuwa imeng'ang'ania. Mzee Mwinshehe alikuwa anatazama, machozi yanamtoka, na kicheko chake kile cha kitoto. "Umeipanda, Sista! Umeipanda kama muhogo!" Mwishowe ikachomoka na bonge kubwa la mchanga.

Tumefika. Walimpokea Genoveva gatini wakampeleka moja kwa moja. Saa hizi wametoka kuniambia: mtoto wa kiume, mzima, mama anaamka.

Jumapili, 2 Machi. Kigoma

Nimemtembelea Genoveva kabla hawajampeleka kambini Nyarugusu. Mtoto ana mashavu. Hajapewa jina, anasema anasubiri habari za mumewe, yeye ndiye wa kumpa. Nimemwombea habari hizo zije. Mzee Mwinshehe alimbeba mtoto kwa mikono iliyonyooka, kama mtu anayebeba beseni lililojaa maji.

Jumanne, 18 Machi. Zashe

Tumelala Zashe. Mzee kaniambia, "Tia wewe nanga, mimi nitafunga mti." Hakuna aliyekesha kwa zamu. Aliamka mara moja, akaitazama boti, akarudi kulala. Ameniambia mwenyewe asubuhi, kama anayetoa habari za mtu mwingine.

Jumatano, 23 Aprili. Mwamgongo

Mvua zinakatika. Ziwa leo lilikuwa bluu mpaka upande wa pili.

Tumekuja na Bi Mwanvua. Ana mpwa wake anaolewa huku, na katika miaka yote ya ndoa hajawahi kulala safarini na mumewe. Habari za usiku wake alikuwa anazisikia tu. Jana jioni alikaa mchangani anatuangalia tukitia nanga, akatoa maoni juu ya kila fundo. Kisha wakapewa chumba kwa mwenyekiti wa kijiji, nami jirani yao.

Asubuhi nilimkuta ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya milima, na akina mama wenye watoto walikuwa wanajipanga nje ya zahanati. Nyuma yake, chumbani, kulikuwa na mkoromo wa kutikisa mlango.

"Shikamoo, Bibi. Nimwamshe? Wagonjwa wamekuja, na sanduku la dawa liko kwenye boti."

Akanyoosha mkono akauziba mlango. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hakulala yeye.

"Boti ipo?"

Niligeuka nikatazama. "Ipo."

"Basi mwache," akasema Bi Mwanvua, akasogea kidogo, akanipapasia nafasi kizingitini. "Mwache kidogo, mwanangu. Kaa nawe usikilize."

Nikakaa.